Kazi Ikifa, Nani Anakuja Kukaa Nawe?

Mtu akifariki mtaani kwetu Kilibula, hapa Uvira, jua halizami kabla turubai halijafungwa uwanjani. Viti vya plastiki vinaletwa kutoka kanisani, mama mmoja anabandika sufuria kubwa ya chai, na majirani wanaketi. Hakuna anayemuuliza mfiwa atakula nini mwezi ujao. Wanakaa tu, wanaimba, wanasali, wengine wanalala palepale kwenye mkeka, na mwenye msiba haachwi peke yake hata usiku wa manane. Matanga yakivunjwa baada ya siku kadhaa, uchungu haujaisha, lakini mtu amelia mbele ya watu, na mtaa mzima unajua kwamba nyumba ile imepungukiwa.

Kazi ikifa, hakuna anayekuja. Aliyeipoteza anarudi nyumbani na barua ndani ya bahasha, anaifungia kwenye sanduku chini ya nguo, na kesho yake anaanza kusema uongo: niko likizo, tuko kwenye semina, mkubwa wa kazi amesafiri. Sisi tunaojua tunajifanya hatujui, tukidhani huko ndiko kumsitiri. Ninaandika makala hii kwa sababu naona ukimya huo unawaumiza watu wetu, na kwa sababu Uvira ya leo ina watu wengi mno wa namna hiyo.

Tuangalie yaliyotupata katika muda mfupi. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilikabidhi kambi ya Kamanyola tarehe 28 Februari 2024, na mwisho wa Juni mwaka huohuo kazi yake katika Kivu ya Kusini ikafungwa. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu zao, sitaki kuzibishia hapa. Lakini nyuma ya askari wa kigeni kulikuwa na wakalimani, madereva, mafundi wa jenereta, wapishi na wafagiaji, watoto wa hapahapa, ambao siku bendera iliposhushwa walirudi nyumbani bila hata mtu mmoja wa kuwapa pole. Nani angewapa pole mbele ya watu, wakati mtaa unasherehekea?

Kisha ikaja tarehe 20 Januari 2025. Siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisaini agizo la kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafunga shughuli zake. Mwaka uliotangulia, Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya fedha zote za misaada ya dharura nchini Kongo. Kwa hiyo saini iliyowekwa Washington ilifika hadi kwa mtu wa kupima lishe ya watoto, kwa mwenye kutia klorini kwenye madumu ya maji, kwa mlinzi wa lango la ofisi. Wiki hizohizo za Januari Goma ilianguka vitani, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na watu wakashuka kwetu na mabegi yao. Desemba ya mwaka huohuo vita vikafika Uvira yenyewe, na maelfu wakavuka mpaka kwenda Burundi. Aliyekuwa na kazi asubuhi hakujua kama anayo jioni.

Nina jirani ambaye sitamtaja. Alikuwa mtu wa maji na usafi katika ONG moja, shirika lisilo la kiserikali, akizunguka mitaani kuangalia robine za jumuiya, kukutana na kamati zao, kuandika ripoti. Mradi ulipoisha alirudisha kompyuta, baji, jile (kizibao cha kazi) na kadi ya simu ya kazini. Nilidhani mshahara ndio utakaomuuma kuliko vyote. Kumbe ni ile kadi ya simu. Namba ile ndiyo waliyokuwa nayo wakubwa wa mitaa, ndiyo waliyoipiga akina mama wa kamati robine ikivunjika saa kumi na moja alfajiri. Simu ilikuwa haitulii, na yeye alikuwa akilalamika kwamba haitulii. Namba mpya aliyoinunua ilikaa mezani siku nzima bila kulia. Maji yalipokatika mtaani, watu walimpigia mtu mwingine.

Kila asubuhi aliendelea kuvaa. Mkewe aliwasha mkaa, akamnyooshea shati kwa pasi, akamwekea chai na mihogo, naye akatoka na begi lake kama zamani. Alikuwa anashuka hadi kando ya ziwa, anakaa karibu na mitumbwi, anarudi saa kumi jioni. Uvira ni mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na maji. Siri haina pa kukimbilia. Mkewe aliambiwa na mwanamke mwenzake kwenye foleni ya maji. Aliponisimulia, hakulalamika juu ya kazi wala pesa. Kilichomchoma ni zile asubuhi, lile shati alilolinyoosha, kwamba mume wake alikuwa na msiba ndani ya nyumba yake naye hakuitwa kulia.

Ninamfahamu mume yule. Si mwongo wala si mvivu. Alikuwa anaogopa kwamba bila jile yeye ni nani. Na hofu hiyo tumeipanda sisi, kwa namna tunavyopangana mtaani. Mtu akiwa na kazi ya ONG anaitwa mwanzo kwenye harusi, anapewa uwenyekiti wa kamati ya wazazi, ukoo mzima unamletea karatasi za ada. Mkataba ukiisha, kiti kile kinachukuliwa bila neno. Tusishangae anapojaribu kukikalia miezi miwili mitatu zaidi kwa kuvaa shati lililonyooshwa.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao kila nikiusoma naona Kiliba, kaskazini mwa Uvira. Nchini Austria, karibu na Vienna, kilikuwepo kijiji cha Marienthal kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930, na karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuangalia watu wanaishije, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Wengi walitarajia kwamba watu wenye nafasi nyingi watasoma zaidi, watakutana zaidi, watafanya siasa zaidi. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua karibu kwa nusu, ingawa sasa vilitolewa bure. Watafiti walikaa dirishani na saa mkononi wakiwatazama wapita njia: wanaume walitembea polepole, wakasimama, wakaegemea, wakasimama tena. Walipoombwa waandike siku yao saa kwa saa, walikosa cha kuandika kati ya kuamka na kula mchana. Wanawake walitembea upesi zaidi, kwa sababu nyumba ilikuwa bado inawadai.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza alichojifunza kwa njia ambayo naona inatufaa. Alisema kazi, mbali na mshahara, inampa mtu mambo ambayo hayaonekani mpaka yapotee: inamgawia siku yake, inamkutanisha na watu wasio wa nyumbani, inamfanya ashiriki jambo kubwa kuliko yeye, inampa nafasi yake mbele ya wengine, na inamlazimisha kufanya kitu. Mrudishie mtu mshahara bila hayo na bado atakuwa na kidonda. Jirani yangu alilipwa stahili zake zote. Kilichokuwa kimepotea hakikuandikwa kwenye hesabu.

Sasa panda gari, toka Uvira kuelekea kaskazini, uingie bonde la Ruzizi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilijengwa miaka ya 1950, na kwa miaka arobaini hivi ndicho kilichopanga maisha ya watu wa bonde: msimu wa kukata miwa, siku ya mshahara, shule, zahanati, nyumba za kambi. Mwaka 1996 vita vilipopita, mashine zikasimama. Tangu hapo habari za kukifufua zimekuja na kuondoka, mwekezaji huyu, mwekezaji yule, na kila zinapokuja wako wazee wanaotafuta karatasi zao za zamani na kuzikung'uta vumbi. Wamo waliozeeka wakingojea. Kiwanda hakikuwahi kuzikwa: hakuna siku ambayo watu waliitwa wakaambiwa, kazi hii imekwisha, haya ndiyo mliyoyafanya, asanteni, nendeni mkaanze upya. Msiba usiokuwa na maziko haumruhusu mtu kuondoka uwanjani. Naamini jambo hilo limewaumiza watu wa Kiliba kwa miaka mingi kuliko njaa yenyewe, na njaa haikuwa ndogo.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kwa upande wake mwingine. Mvuvi wa ndagala, dagaa wetu, anafanya kazi usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa, kwa hiyo kila mwezi anazo siku za kukaa nchi kavu, kushona nyavu, kuziba mtumbwi, kuwaona watoto. Kukaa huko hakumwaibishi, kwa sababu kuna mwisho unaojulikana na wenzake wote wamekaa. Mwaka 2024 nchi nne zinazogawana Ziwa Tanganyika zilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Ziwa limechoka, samaki wamepungua, na anayekula mukeke leo anaona mwenyewe alivyo mdogo. Lakini miezi mitatu si siku chache za mwezi mkubwa. Familia zililala njaa, na hasira ya wavuvi ilikuwa ya haki, maana walifungiwa ziwa kabla ya kufunguliwa kitu kingine. Hata hivyo niliona tofauti kati yao na jirani yangu. Wao walikaa pamoja ufukweni, wakatukana serikali kwa sauti, wakahesabu siku. Mwenye shati la pasi alikaa palepale, mita chache kutoka kwao, na hakuwa na mtu wa kutukana naye.

Na akina mama wa ndagala je? Hili linanikera. Ziwa lilipofungwa, watu wote walisema wavuvi wamekosa kazi. Mama anayeamka saa kumi usiku na beseni, anayepigania bei mtumbwi unapofika, anayeanika, anayegeuza, anayefukuza kuku na mvua, anayepeleka gunia sokoni, huyo hakuhesabiwa miongoni mwa waliopoteza kazi, kwa sababu kazi yake hatukuwahi kuiita kazi. Hasara yake iliitwa shida za nyumbani. Alipika alichopata, akafua, akachota maji, kama wale wanawake wa Marienthal, na kwa kuwa mikono yake haikutulia tukasema hana mawazo. Wengi wao walikuwa na mtaji wa likelemba, yaani upatu, mkononi, na mtaji huo waliula na watoto wao, wiki baada ya wiki. Mama akiula mtaji wake amefiwa na kazi. Ninataka tuanze kusema hivyo.

Wapo pia wanaoacha kazi wenyewe, na hao tunawanyima hata ile pole ndogo, tukisema si umetaka mwenyewe? Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, walimu wengi ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali wamefundisha wakingoja mshahara usiofika. Mmoja aliacha chaki akachukua pikipiki ya abiria, na sasa anapata pesa ya kula kila jioni. Wanafunzi wake wa zamani wakipanda nyuma yake bado wanamwita mwalimu. Hajui aitike namna gani. Hajutii uamuzi wake, nadhani alifanya sawa, lakini ameacha kitu alichokipenda na ana haki ya kukililia hata kama mlango alifungua mwenyewe.

Tunapomkuta mtu wa namna hii tunayo maneno yetu. Mungu yupo. Utapata ingine. Jitafutie, artikle 15. Tunayasema kwa nia njema, na mtu wa imani hakatai kwamba Mungu yupo. Lakini angalia tunayasema lini: mara tu mtu anapofungua mdomo. Yanamfunga. Kwenye matanga hakuna anayethubutu kumwambia mjane siku ya kwanza kwamba atapata mume mwingine, na angethubutu angetolewa nje. Mficha maradhi kifo humfichua, ndivyo wazee wanavyosema, na maradhi haya yanafichuka kwa njia zake. Mtu anakwenda kituo cha afya kwa sababu moyo unamdunda, halali, kichwa kinamuuma. Anapimwa tensheni, anapewa vidonge, na hakuna anayemuuliza kazi yako imekuwaje. Mwingine anaanza kupitia kwa muuza pombe ya kanyanga. Mwingine anawapiga watoto. Sisi majirani tunasikia kelele usiku, na asubuhi tunasalimiana.

Najua kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuponywa kwa kukaliwa tu. Pesa ni pesa. Nchi yetu haina posho ya watu wasio na kazi. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inalipa pensheni, ajali za kazini na posho za familia, basi. Mzigo wote unaanguka juu ya ndugu. Ndiyo maana nasisitiza karatasi, ingawa makala hii ni ya moyo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema mwajiri anayemwachisha mtu mwenye mkataba usio na muda lazima ampe taarifa ya siku zisizopungua 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumika. Mfanyakazi anayeacha mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Kuna dekonti finali, yaani hesabu ya mwisho ya malipo, na kuna cheti cha kuonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Watu wengi wanaondoka bila kuvidai kwa sababu ya aibu, wanataka tu kutoka pale bila kuonekana. Wavidai. Nimeona watu wakitulia siku walipoketi na mke au mume, wakafungua karatasi zile mezani, wakajumlisha: hiki ndicho kilichopo, kitatupeleka hadi mwezi fulani. Hesabu ndogo inayojulikana inampa mtu usingizi kuliko matumaini makubwa yasiyo na tarehe. Wenye mikataba ya muda maalumu, ambao ndio wengi kwenye miradi, hawana taarifa ya namna hiyo. Tarehe ya mwisho imeandikwa tangu mwanzo. Basi hao waanze kuzungumza nyumbani kabla ya tarehe kufika, watoto wakiwemo. Mtoto wa miaka kumi anaelewa kwamba kazi ya papa inaisha Desemba. Asichoelewa ni kwa nini papa amebadilika.

Sasa nije kwenye pendekezo langu, maana sikuandika ili kulalamika. Kivu ya Kusini tuna MUSO, vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, karibu kila mtaa, karibu kila kanisa. Wanachama wanajua kasa zake: ya kijani kwa mikopo, ya bluu kwa fedha zinazotoka nje, na nyekundu kwa dharura. Nyekundu inafunguliwa kwa ugonjwa, kifo, kujifungua. Ninaomba ifunguliwe pia kwa kazi iliyopotea. Mwanachama akileta barua ya mwisho wa mkataba, au mama wa ndagala akisema mtaji umeisha na wenzake wakathibitisha, kikao kisikie, kiandike, na kimpe kitu.

Mwenzangu mmoja kwenye MUSO yetu, mama mwenye akili ya hesabu ambaye ndiye anayetunza daftari, aliniuliza swali zuri. Je, mradi mmoja ukifungwa na wanachama wanane wakapoteza kazi mwezi mmoja, kasa si itakauka? Itakauka kama tunadhani kazi yake ni kuziba mshahara. Haiwezi, na isijaribu. Kiasi kiwe kidogo, kilekile kwa wote, cha gunia la unga tu. Kitu kikubwa kiwe kile kinachofanyika kwenye kifo bila kuandikwa popote: watu waende. Kikao kichague wanachama watatu waende nyumbani kwa mtu wiki ileile, wakae, wasilete ushauri wala orodha ya matangazo ya kazi, wamwombe asimulie alichokuwa anafanya. Jirani yangu anajua kila bomba lililofukiwa chini ya mtaa huu na mwaka lililofukiwa. Sijawahi kumsikia mtu akimuuliza.

Na mtu huyo asivuliwe uwenyekiti wa kamati. Kama alikuwa anaandika mihtasari, aendelee kuandika. Kama alikuwa anasimamia ujenzi wa choo cha shule, aendelee kusimamia. Hilo halina gharama, na linamrudishia sehemu ya siku yake pamoja na sababu ya kweli ya kunyoosha shati.

Wengine watasema wanaume wa kwetu hawatakubali kutembelewa kwa jambo hili, wataona ni kudhalilishwa. Wa kwanza labda hatakubali. Atasema hana shida, ataangalia saa. Lakini zamani pia ilikuwa aibu kwa mwanaume kukopa mbele ya wanawake kwenye kikao kimoja, na leo wanapanga foleni kwenye kasa ya kijani. Tulizoea kwa sababu mmoja alianza, na wa pili akaona hakufa.

Kikao chetu ni Jumapili baada ya ibada. Nitaleta jambo hili mbele ya wote, na yule mama wa daftari ameniahidi kwamba ataleta hesabu za kasa nyekundu za mwaka mzima ili tukubaliane kiasi. Nimekwisha kumwomba pia aandike jina langu miongoni mwa watatu wa kwanza watakaotumwa.